Kupima mnazi bila kuupanda: mwongozo wa uwiano na maumbo yanayofanana

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili pembetatu mbili zinazofanana. Ya kwanza ina pande za sentimita 6 na 8. Ya pili ina sentimita 9 mahali pa ile 6, na upande wa pili haujulikani. Wengi watakujibu 11. Wameona 6 imekuwa 9, yaani imeongezeka 3, nao wakaongeza 3 kwenye 8. Jibu ni 12, kwa sababu 6 ikizidishwa kwa 1.5 inakuwa 9, na 8 ikizidishwa kwa 1.5 inakuwa 12.

Umbo hubaki na sura yake likikuzwa kwa kuzidisha. Ukilikuza kwa kujumlisha, sura inapotea. Mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana na hilo. Mifano nimeichukua Bagamoyo, kwa kuwa kila kitu kinachohitajika kipo huku: milango ya nakshi, minazi, mnara wa Misheni, Mto Ruvu, mashua na malundo ya chumvi. Andaa rula, futi kamba, fimbo iliyonyooka ya mita 1, uzi wenye jiwe wa kutumia kama timazi, na kikokotoo ukipenda.

Hatua ya 1: Vipimo viwe vya kizio kimoja

Uwiano ni jibu la swali hili: kitu hiki ni mara ngapi ya kile? Meza yenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80 haina uwiano wa 2 kwa 80. Badili kwanza: sentimita 200 kwa 80. Gawanya zote kwa 40, unapata 5 kwa 2. Vizio vikishakuwa sawa vinafutana, na uwiano unabaki namba tupu. Kwa hiyo uwiano wa 5:2 ni uleule, upime kwa mita, kwa futi au kwa shubiri.

Angalia pia mpangilio. Urefu kwa upana ni 5:2, upana kwa urefu ni 2:5. Ukianza na urefu kwenye umbo la kwanza, anza na urefu kwenye la pili.

Hatua ya 2: Thibitisha kama uwiano mbili ni sawa

Bendera ya Tanzania ina kimo kwa urefu wa 2 kwa 3. Fundi cherehani ana kitambaa chenye upana wa sentimita 90 na anataka kushona bendera yenye kimo hicho. Aikate kwa urefu gani? Kutoka 2 hadi 90 amezidisha kwa 45, basi 3 naye azidishe kwa 45, apate 135.

Kuhakiki, andika uwiano zote mbili kama sehemu, 90/135 na 2/3, kisha zidisha kimshazari: namba ya juu ya upande mmoja kwa namba ya chini ya upande wa pili. 90 mara 3 ni 270, na 135 mara 2 ni 270. Majibu yakiwa sawa, uwiano ni mmoja. Akija mtu na bendera ya sentimita 100 kwa 140, piga hesabu hiyohiyo: 100 mara 3 ni 300, 140 mara 2 ni 280. Hiyo ni fupi kuliko inavyotakiwa.

Hatua ya 3: Fahamu masharti ya kufanana

Maumbo mawili yenye pande zilizonyooka yanafanana yakitimiza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, pembe za umbo moja ziwe sawa na pembe za umbo la pili, kila moja na mwenzake. Pili, kila jozi ya pande itoe kizidisho kimoja. Kizidisho ni ile namba unayozidishia upande wa umbo la kwanza ili upate wa umbo la pili.

Sharti moja peke yake halitoshi. Mistatili yote ina pembe mraba nne, lakini mstatili wa dirisha na mstatili wa rula havifanani. Mraba, nao ukiusukuma pembeni ukalala, unabaki na pande zilezile, ila pembe zimebadilika. Umekuwa umbo lingine.

Sasa simama mbele ya mmoja wa milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Tuseme sehemu ya ndani ina upana wa sentimita 90 na kimo cha 200, na imezungushiwa fremu yenye upana wa sentimita 10 pande zote nne. Umbo la nje litakuwa 110 kwa 220. Kwa macho, mstatili wa nje na wa ndani vinaonekana kama baba na mtoto. Gawanya: 90 kwa 200 ni 0.45, na 110 kwa 220 ni 0.5. Havifanani. Fremu imejumlisha sentimita 20 kwenye upana na 20 kwenye kimo, na hilo ndilo kosa la yule mwanafunzi wa mwanzo. Fundi akitaka umbo la nje lifanane kweli na la ndani huku akibaki na sentimita 10 kila ubavu, kimo cha nje kingekuwa 200 mara 110 gawanya kwa 90, yaani kama 244.4. Juu na chini angehitaji fremu ya sentimita 22 na ushei kila upande. Mafundi hawafanyi hivyo, na hawana sababu ya kufanya, kwa kuwa fremu yenye upana mmoja inapendeza. Nakuomba tu usiamini jicho kabla ya kugawanya.

Picha zina shida hiyohiyo. Picha ya inchi 4 kwa 6 haiwezi kukuzwa ikawa 8 kwa 10 bila kukatwa, maana 4 mara 2 ni 8 lakini 6 mara 2 ni 12. Inchi mbili zitaondoka, na pengine ndizo zenye kichwa cha shangazi.

Hatua ya 4: Pembetatu zina njia ya mkato

Pembetatu ni umbo gumu: ukishajua pembe zake, huwezi kubadili sura yake. Kwa hiyo masharti yake ni mepesi. Lolote kati ya haya matatu linatosha.

La kwanza: pembe mbili za pembetatu moja ni sawa na pembe mbili za nyingine. Ya tatu italazimika kuwa sawa, kwa kuwa jumla ya pembe zote ni nyuzi 180. Hili ndilo utakalolitumia mara nyingi zaidi.

La pili: jozi zote tatu za pande zina kizidisho kimoja. Panga pande kuanzia fupi hadi ndefu kabla ya kugawanya. Pembetatu ya 6, 8, 10 na ile ya 15, 9, 12 zinaonekana hazihusiani mpaka uipange ya pili kuwa 9, 12, 15. Kizidisho ni 1.5 kila mahali.

La tatu: jozi mbili za pande zina kizidisho kimoja na pembe iliyo kati ya pande hizo ni sawa. Nasisitiza, iliyo kati. Pembe ya pembeni haitoshi.

Hapa kuna jambo ambalo napenda sana kumwonyesha kila anayejifunza mada hii. Chora pembetatu ya 4, 6, 9 na nyingine ya 6, 9, 13.5. Kizidisho ni 1.5, hivyo zinafanana na pembe zote tatu ni sawa. Tena zote mbili zina upande wa 6 na upande wa 9. Sehemu tano kati ya sita zimelingana, na bado moja ni kubwa kuliko nyingine! Ile 6 imekaa katikati huku na imekaa mwanzo kule. Ukizichora na kuzikata kwenye karatasi utaelewa kwa nini hatua inayofuata ina uzito.

Hatua ya 5: Taja herufi kwa mpangilio

Ukiandika kwamba pembetatu ABC inafanana na PQR, umeahidi kwamba pembe ya A ni sawa na ya P, ya B na ya Q, ya C na ya R. Kutokana na mpangilio huo unapata pande bila kuangalia mchoro: AB inakwenda na PQ, BC na QR, AC na PR. Ukikosea mpangilio, hesabu yote inayofuata itakuwa safi na jibu litakuwa baya. Weka alama kwenye pembe zilizo sawa kwanza, ndipo uandike herufi.

Mtego mkubwa ni pembetatu iliyo ndani ya pembetatu. Chukua ABC, chora mstari DE ulio sambamba na BC, D ikiwa juu ya AB na E juu ya AC. Tuseme AD ni 2, DB ni 3, na BC ni 10. DE ni ngapi? Wengi watachukua 2 kwa 3. Lakini DB ni kipande tu, si upande wa pembetatu yoyote kati ya hizi mbili. Upande wa pembetatu kubwa ni AB nzima, yaani 5. Kizidisho cha kutoka kubwa kwenda ndogo ni 2 kwa 5, na DE ni 4. Nashauri uzichore upya pembetatu hizo mbili kando kando, kila moja peke yake na vipimo vyake. Inachukua dakika moja.

Hatua ya 6: Toka nje upime

*Kwa kivuli.* Jua liko umbali wa kama kilomita milioni 150, hivyo miale inayofika kwenye mnazi na inayofika kwenye fimbo yako iko sambamba kwa kiasi kisichotupa shida. Mnazi ulionyooka na ardhi wanafanya pembe mraba, fimbo na ardhi vilevile, na pembe ya mwale ni moja. Pembe mbili ni sawa, basi pembetatu zinafanana.

Simamisha fimbo wima kwa timazi kwenye uwanja tambarare, na pima vivuli viwili wakati mmoja, kwa kuwa kivuli hakingoji. Fimbo ya mita 1 ikitoa kivuli cha sentimita 80, na mnazi ukitoa kivuli cha mita 9.6, kimo cha mnazi ni 9.6 gawanya kwa 0.8, yaani mita 12.

Usitumie fimbo fupi. Ukikosea sentimita 1 kwenye kivuli cha 80, kimo cha mnazi kitakosewa kwa kama sentimita 15. Ukikosea sentimita hiyohiyo kwenye kivuli cha 16 cha fimbo ya sentimita 20, kosa linakuwa sentimita 75. Na ncha ya kivuli cha kitu kirefu haikatiki vizuri, ina ukungu, kwa sababu jua lenyewe si nukta bali ni duara linaloonekana kwa upana wa kama nusu nyuzi. Pima hadi katikati ya huo ukungu.

Lililo gumu zaidi ni kuanzia wapi. Jiulize: ni nukta gani hasa inayotupa ncha ya kivuli? Kipimo kinaanzia chini ya nukta hiyo, wima. Minazi mingi ya pwani imeinama, kwa hiyo ukianzia kwenye shina utapata jibu la uongo; tafuta mahali palipo chini ya kilele, kwa kuning'iniza timazi mbele ya jicho ukiwa umesimama pande mbili tofauti. Paa lenye ncha hupimwa kutoka katikati ya jengo. Mnara wa Livingstone pale Misheni, ambako mwili wa David Livingstone, msafiri Mskoti, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, una juu bapa, hivyo anzia kwenye ukuta au kona ya upande uleule kivuli kilikoangukia. Huko Kaole, penye magofu ya kale na makaburi yenye nguzo, njia hii ina faida nyingine: unapata kimo cha nguzo bila kuigusa.

Kuna siku kivuli kitakukatalia. Bagamoyo iko kama nyuzi 6.4 kusini ya ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 4 Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Siku hizo, baada ya saa 6 mchana kwa dakika kadhaa, fimbo iliyo wima haina kivuli. Pima saa 4 asubuhi au saa 9 alasiri.

*Kwa maji.* Mawingu yakitanda, weka beseni la maji chini, mahali pasipo na upepo. Rudi nyuma taratibu mpaka uone kilele cha mnazi ndani ya maji. Mwale hugonga uso wa maji na kurudi kwa pembe zilizo sawa, kwa hiyo una pembetatu mbili zinazofanana: ya jicho lako na ya mnazi. Jicho likiwa sentimita 150 kutoka ardhini, wewe ukiwa sentimita 100 kutoka ilipo taswira, na taswira ikiwa mita 8 kutoka kwenye mnazi, kimo ni 1.5 mara 8, mita 12. Kioo kinafaa pia, ila kikiinama kidogo tu jibu linaharibika. Maji hujisawazisha yenyewe.

*Upana wa mto.* Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini ya mji, na una mamba na viboko. Usiuvuke kwa ajili ya hesabu, wala usisimame ukingoni. Chagua mti A ulio kwenye ukingo wa pili. Ukiwa mbali salama na maji, piga kigingi B mkabala nao. Tembea sambamba na mto mita 20, piga kigingi C. Endelea mita 5, piga D. Sasa upe mto mgongo na tembea kwa pembe mraba kutoka D, ukigeuka kutazama kila hatua chache, mpaka C na A vikae kwenye mstari mmoja. Hapo ni E. Pembe za B na D ni mraba, na pembe mbili za C zinatazamana, hivyo ni sawa. CB ni mara 4 ya CD, basi AB ni mara 4 ya DE. DE ikiwa mita 14, AB ni mita 56. Kama B iko mita 6 kutoka kwenye maji, mto una upana wa mita 50.

Hatua ya 7: Eneo na ujazo havifuati kizidisho cha urefu

Ukikuza umbo kwa kizidisho fulani, eneo hukua kwa kipeo cha pili cha kizidisho hicho, na ujazo kwa kipeo cha tatu. Pembe hazibadiliki kabisa.

Jaruba la chumvi, yaani bwawa la kukaushia maji ya bahari, la mita 10 kwa 15 lina mita za mraba 150. Pande zote zikizidishwa kwa 2 linakuwa 20 kwa 30, yaani 600: mara 4. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilomita, lakini sentimita 1 ya mraba ni robo ya kilomita ya mraba. Anayenunua shamba kwa kutazama ramani anapaswa kulijua hili kabla ya kutoa fedha.

Karatasi za duka la kopi ni mfano mzuri zaidi. A4 ni milimita 210 kwa 297, A3 ni 297 kwa 420. Gawanya zote mbili, utapata 0.707. Zinafanana, na eneo la A3 ni mara 2 ya A4. Kizidisho cha pande basi ni kipeuo cha pili cha 2, kama 1.41. Ndiyo maana mashine ya kopi huandikwa asilimia 141 kukuza A4 kuwa A3, na 71 kurudisha.

Ujazo ndio unaoshangaza watu. Chumvi ya aina moja, yenye unyevu mmoja, ikimwagwa hujipanga kwa mteremko ule ule, lundo liwe dogo au kubwa. Pembe ni sawa, hivyo malundo yanafanana kwa kukadiria. Lundo lenye kimo mara 2 lina chumvi mara 8. Anayeuza lundo kwa kukisia kimo, akatoza bei mara mbili, amegawa robo tatu ya mali yake bure.

Na mtu asidhani mashua kubwa ni mashua ndogo iliyokuzwa tu. Kifani, yaani mfano mdogo, cha sentimita 60 cha mashua ya mita 12 kina kizidisho cha 20. Tanga la mashua ni mara 400 ya lile la kifani, na uzito, kama mbao ni za aina moja na unene wake umekuzwa vilevile, ni mara 8,000. Nguvu ya boriti kuvumilia kuvutwa inategemea eneo la mkato wake, ambalo limekua mara 400 pekee. Galileo Galilei aliieleza sababu hii kwa maandishi mwaka 1638. Fundi wa mashua anaijua kwa mikono: chombo kikubwa anakiongezea mataruma (mbavu za ndani) na kukibana zaidi kuliko kifani kinavyoonyesha.

Hatua ya 8: Rudi kinyumenyume

Mtihani hupenda kukupa eneo au ujazo na kukuuliza urefu. Tafuta kizidisho kwanza, kila mara.

Ngalawa mbili zina matanga ya pembetatu yanayofanana. Dogo lina mita za mraba 8 za kitambaa, kubwa 18. Upande wa dogo uliofungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, ni mita 6. Wa kubwa ni ngapi? 18 gawanya kwa 8 ni 2.25. Hilo ni eneo, kwa hiyo tafuta kipeuo cha pili: 1.5. Upande wa tanga kubwa ni mita 9. Aliyezidisha 6 kwa 2.25 akapata 13.5 amesahau kwamba alikuwa na eneo mkononi.

La mwisho lifanye mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Lundo la chumvi la debe 12 lina kimo cha sentimita 50. Lundo jingine linalofanana nalo lina debe 324. Kimo chake ni kipi, na turubai la kulifunika liwe na eneo mara ngapi ya lile la lundo dogo?

Jibu: 324 gawanya kwa 12 ni 27, na namba inayojizidisha mara tatu ikatoa 27 ni 3. Kimo ni sentimita 150. Turubai ni mara 9.